Samaki wa Kivu hawako mbali, wako karibu na miguu yako

Jumamosi iliyopita nimeikuta tena. Kijana amesimama juu ya mawe kule Himbi, mtaa wa Goma pembeni ya Ziwa Kivu, fimbo mupya, mulineti mupya (kile cha kuzungushia mshipi), risasi nzito mwisho wa mshipi, anarusha kwa nguvu zote mpaka bega linamuuma, nikamuuliza kwa nini mbali hivo, akanipa lile jibu nalisikia kila wiki: "Yaya, samaki wakubwa wako ndani, kwenye kina."

Naandika juu nimechoka kurudilia mtu kwa mtu. Hapa Kivu hawako huko.

Ziwa letu haliko kama mengine. Penye shimo kubwa lina kina cha mita 485, lakini oksijeni iko kwa juu tu. Ukishuka karibu mita 60 imekwisha, na miezi ya mvua inaisha mapema zaidi, maana upepo wa kiangazi, Juni mpaka Septemba, njo unakoroga maji ya juu na kuyasukuma chini kidogo. Chini ya hapo kuna maji mazito, yamejaa chumvi, kaboni dioksidi na metani, yamelala mule bila kupanda wala kuchanganyika na ya juu. Hakuna samaki anayeishi mule, mkubwa wala mdogo. Kwa hiyo unapoona yale maji ya katikati, mapana, ya buluu, ukafikiri ni ghala ya samaki, elewa kwamba sehemu kubwa ya ziwa chini yake ni tupu.

Halafu angalia pwani yetu ya Goma. Ni mawe ya volkano, na pahali pengi mteremko unaendelea chini ya maji vilevile mkali, hatua chache tu na umepoteza chini. Unarusha mita 40, risasi inashuka, inashuka, unafurahi kwamba umepata kina, kumbe umemuruka tilapia. Yeye alikuwa nyuma ya ndoano yako, hapo pembeni ya majani, kwenye maji ya mita mbili tatu.

Tilapia anataka jua lifike chini. Anakula mwani, ule utelezi wa kijani unaoota juu ya mawe, na vidudu vidogo vya majini, na hivyo vyote vinahitaji mwanga. Dume anachimba kiota chake kwenye mchanga au matope ya maji mafupi, jike anabeba mayai mdomoni mpaka watoto watoke, na wakati huo hali kitu, usipoteze asubuhi nzima juu yake. Tafuta vighuba vilivyotulia, midomo ya vijito, majani, mawe yenye utelezi wa kijani.

Dawa yangu ni moja na nampa kila anayeanza mbele hajagusa fimbo: chukua kamba, funga jiwe mwisho, piga fundo kila mita. Siku ya kwanza usivue. Tembea pembeni, tumbukiza jiwe, hesabu mafundo, kumbuka wapi ni mawili, wapi ni matano, wapi jiwe linaenda tu bila kufika. Watu wananiangalia kama nawapotezea wakati, wanataka kuvua leo leo, lakini wale waliokubali kupima njo wanarudi na samaki.

Hii tabia ya kurusha mbali najua inatoka wapi, ni zile video za kuvua bass, samaki wa Marekani, kwenye simu. Mtu anaona jamaa anarusha kisamaki cha plastiki, anavuta, bass anaruka, naye anaenda kutafuta plastiki kama ile kwa dola nyingi. Bass ni mwindaji, mdomo mkubwa, anavizia samaki wadogo na vyura, njo maana plastiki inayotikisika inamdanganya. Tilapia wetu hafukuzi kitu kama hicho. Na ukiangalia zile video vizuri, hata bass wengi wanatolewa kwenye majani na pembeni ya miti iliyoanguka majini, karibu na nchi kavu. Jamaa harushi mbali ili afike mbali, anarusha pahali anapajua.

Ndoano kubwa kwa samaki mkubwa? Hapana. Mdomo wa tilapia ni mdogo. Ndoano ndogo, bugali uliokandwa ukakaza, kipande kama haragi moja, au mnyoo. Na usipige miguu juu ya mawe, anasikia.

Kuvua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, kwa ndoano mchana, acha kabisa. Sambaza waliletwa kutoka Tanganyika, kati ya 1958 na 1960, ni samaki wa maji ya wazi, wanapanda juu usiku kufuata chakula, njo maana wavuvi wao wanatoka jioni na mataa na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja. Ile ni kazi nyingine.

Wengine wananiambia gesi ya ziwa imeua samaki. Gesi imelala chini pale nilipoeleza, samaki wako juu yake.

Lakini kuna gesi nyingine, hii isikilizeni vizuri. Mazuku. Nimesikia mtu mzima akisema "nitasikia harufu, nitakimbia." Hutasikia kitu, kaboni dioksidi haina harufu. Ni nzito kuliko hewa, inatoka ardhini na kujikusanya kwenye mashimo, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo, na saa hiyohiyo njo mvuvi anafika, baridi inamchoma, anatafuta kishimo katikati ya mawe ajikinge, anakaa. Analala usingizi asioamka. Upande wa magharibi wa mji, kuelekea Lac Vert, kiziwa kidogo ndani ya kreta ya volkano, watu wanayajua mashimo hayo, uliza wenyeji mbele hujaweka kiti chako. Kaa juu ya jiwe, pahali upepo unapita, hata kama baridi ni kali. Mtoto usimuache acheze chini, hewa mbaya inamfikia mbele yako. Na ukikuta ndege au mbuzi amekufa kwenye shimo bila kidonda, usishuke kumuokota, rudi nyuma upesi na uite wenzako watoke.