Cheni inayodondosha oili haijatunzwa

Wiki iliyopita kijana mmoja aliteremka kutoka Isyonje, huku kwetu Mbeya, na baiskeli yake ya milimani, gia zinaruka kila akikanyaga. Akaniambia kwa kujiamini: "Fundi, tatizo haliko kwenye cheni. Cheni naitunza, kila Jumapili naimwagia oili." Nikaigusa. Kidole kikatoka cheusi mpaka kwenye kucha, na ule weusi ulikuwa unakwaruza kama mchanga. Alikuwa wa nne mwezi huu, na uvumilivu wangu ukaishia kwake.

Eti cheni ikilowa oili ndiyo imetunzwa. Jamani, cheni haihitaji oili pale unapoiona. Bamba za nje hazina kazi kubwa ya kusuguana. Msuguano uko ndani, kati ya pini na rola, kile kigurudumu kidogo kinachoizunguka pini, na pale panatosha tone moja. Oili yote inayobaki nje ina kazi moja tu, kukamata vumbi. Na vumbi letu si la mchezo. Udongo wa kutoka Uyole kwenda Tukuyu umetokana na majivu ya volkano za Rungwe na Ngozi, na ndani yake mna chembe za lile jiwe jepesi tunalosugulia visigino. Sasa chukua jiwe la visigino, lisage, likoroge na oili, halafu lipitishe katikati ya chuma na chuma kutwa nzima. Hiyo ni msasa.

Oili chafu ya gereji ndiyo inanimaliza kabisa. Najua ni ya bure, najua babu aliitumia kwenye Phoenix yake miaka ishirini. Baiskeli ya babu ilikuwa na cheni nene na gia moja, na mara nyingi ilikuwa na boksi la kufunika cheni. Yako ina gia kumi na cheni nyembamba inayopindishwa huku na huku. Ile oili imemwagwa kwa sababu imechoka, imejaa masizi na chembe za chuma zilizolika kwenye injini ya mtu. Fuso imeikataa, wewe unaipeleka kwenye pini isiyofika hata milimita 4!

Mimi natumia bomba la sindano la duka la dawa. Tone moja kwa kila rola, upande wa ndani wa cheni, huku nazungusha pedeli kinyumenyume taratibu. Nikimaliza mzunguko mzima, naiacha ilale usiku kucha oili iingie. Asubuhi nachukua fulana kuukuu na kufuta mpaka nikiipapasa cheni kidole kitoke karibu kikavu. Watu hufanya yote hayo isipokuwa kufuta, na kufuta ndiyo nusu ya kazi. Kama huna oili maalumu ya cheni, kiangazi tumia ya cherehani. Mvua zikianza Novemba hiyo inaoshwa upesi, kwa hiyo tumia nzito kidogo, hata ya injini, ila iwe mpya, na ufute vilevile.

WD-40, ile dawa ya kopo ya kupuliza, inatosha? Herufi mbili za mwanzo zinatokana na maneno yenye maana ya kufukuza maji, na hiyo ndiyo kazi ambayo ile ya kopo la kawaida inaiweza. Puliza cheni ikilowa mvua, futa, kisha tia oili yenyewe. Ukiishia kwenye kupuliza, siku chache tu cheni itaanza kulia.

Mafuta ya alizeti kapikie chipsi. Kwenye cheni yanageuka gundi.

Na ile tabia ya kuipeleka baiskeli kwenye mashine ya presha inayooshea bodaboda: unasukuma maji na tope mpaka kwenye bearing za matairi. Mafuta ya taa kidogo na mswaki wa zamani vinatosha, halafu ikauke kabisa kabla ya kutia oili. Kama breki zako ni za diski, zifunike kwanza kwa mfuko. Mteremko wa Isyonje na diski yenye oili sikutakii.

La mwisho ni hili la "cheni inabadilishwa ikikatika." Pini hadi pini ni nusu inchi. Chukua futi, hesabu hatua 24, pini ya mwisho inatakiwa ikae sawasawa kwenye inchi 12. Ikipita kwa milimita moja na nusu, nunua cheni. Ikipita kwa milimita 3, meno ya gia yameshaliwa kuifuata, na cheni mpya itaruka juu yake.

Ya yule kijana ilikuwa imepita milimita 3. Alilipia cheni na gia zote za nyuma, akaona gharama, akanyamaza. Kabla hajaondoka akauliza kama hiyo cheni mpya nayo aimwagie oili. Nikamwambia inakuja na grisi ya kiwandani, afute nje tu, aje baada ya wiki chache tuitazame. Chupa yake ya oili chafu nilibaki nayo. Nimepaka nguzo za banda, kwa ajili ya mchwa.