Je, kipozaji cha feni cha bei nafuu hakitoshi kwa prosesa?

Wengi wanaamini kwamba prosesa, yaani chipu inayoendesha kazi za kompyuta ya mezani, haiwi salama bila kipozaji cha maji, na kwamba cha feni cha bei nafuu ni cha kubahatisha. Imani hiyo inaeleweka, maana joto huharibu vifaa vingi.

Lakini hata kipozaji cha maji hatimaye hutegemea feni inayopuliza hewa. Maji hulisafirisha joto tu. Prosesa ya wati 65 hupoa vizuri kwa kipozaji chenye mirija minne ya shaba na feni ya milimita 120. Joto likipanda mno, prosesa za kisasa hujipunguzia kasi zenyewe. Nyingi zina kikomo cha karibu nyuzi 95 hadi 100 za Selsiasi. Ni kweli, prosesa kubwa zenye kazi nzito ya saa nyingi hunufaika na kipozaji kikubwa zaidi.

Pima mwenyewe: fungua programu ya kusoma joto na kasi ya prosesa, ipe prosesa kazi nzito kwa nusu saa, kisha tazama kasi. Isiposhuka chini ya kasi ya msingi aliyoitaja mtengenezaji, kipozaji kinatosha. Kabla ya kununua, linganisha urefu wake na nafasi ya kasha la kompyuta: kikizidi hata milimita chache, ubavu wa kasha haufungi.