Silosibini: siri inayofichuka ndani ya saa moja

Jaribio zuri la dawa hutegemea kufichana. Mgonjwa hajui kama amemeza dawa au kidonge bandia, na anayempima hajui pia. Kwa dawa ya presha, siri hiyo hutunzika miezi. Kwa silosibini, kemikali iliyo ndani ya uyoga unaoleta njozi, ndani ya saa moja mtu anaona ukuta ukipumua, na hapo hakuna wa kumdanganya.

Kwa hiyo nikipewa utafiti unaosema uyoga unatibu sonona, ugonjwa wa kuzama kwenye huzuni, sianzi na matokeo. Natafuta kwanza kama washiriki waliulizwa wanadhani walipewa nini. Wengi hawaulizwi, au majibu hayachapishwi.

Tuanze na mwili. Silosibini ikimezwa hupoteza fosfeti yake na kuwa silosini, nayo ndiyo inayoingia kwenye ubongo. Huko hushika kipokezi cha serotonini, kemikali inayobeba ujumbe ubongoni, kiitwacho 5-HT2A. Watafiti wa Zurich walionyesha mwaka 1998 kwamba ukitanguliza ketanserini, dawa inayoziba kipokezi hicho, njozi haziji. Kisipozibwa, mambo huanza baada ya dakika 20 hadi 40, hupanda kilele kati ya saa ya kwanza na ya pili, na hutulia baada ya saa 4 hadi 6.

Ubongo una mtandao unaofanya kazi mtu akikaa kimya akijiwazia, na kwa mwenye sonona ndipo mawazo yale yale hurudi na kurudi. Mwaka 2024 watafiti wa St. Louis waliwapiga picha za ubongo watu 7 wenye afya, tena na tena, kwa wiki kadhaa. Miligramu 25 za silosibini zilivuruga mwafaka wa mitandao ya ubongo kuliko methilifenideti, dawa ya kuchangamsha waliyoitumia kulinganisha. Mengi yalirudi sawa upesi, ila uhusiano wa mtandao ule wa kujiwazia na sehemu ya mbele ya hipokampasi, eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu, ulibaki dhaifu kwa wiki kadhaa. Picha nzuri, lakini watu 7, tena wazima, hawathibitishi tiba.

Turudi kwenye siri. Mwaka 1962, huko Boston, wanafunzi wa theolojia walipewa ama silosibini ama niasini, vitamini inayowasha ngozi, ili kila mmoja ahisi kitu. Ujanja ulidumu kidogo tu. Jaribio kubwa lililochapishwa 2022, lenye wagonjwa 233, lilitumia njia nyingine: wote walipata silosibini, ila wengine miligramu 25, wengine 10, wengine 1. Kwenye kipimo cha alama 60, ambapo alama nyingi ni sonona kali zaidi, baada ya wiki 3, kundi la 25 lilishuka kwa alama 12 na kundi la 1 kwa 5.4. Sasa mfikirie huyo wa miligramu 1. Ameacha dawa zake, amefunikwa macho, muziki unapigwa, mtaalamu ameketi kando yake, na saa zinapita bila kitu. Anajua amekosa. Uchungu wake nao unaingia kwenye alama, na pengo kati ya makundi linapanuka kwa sababu isiyo ya kemikali.

Kuacha dawa kuna mtego wake. Dawa za kawaida za sonona huweza kupunguza nguvu ya silosibini, hivyo huachwa angalau wiki 2 kabla. Fluoksetini, mojawapo ya dawa hizo, hukaa mwilini zaidi, inahitaji kama wiki 5. Mtu akipimwa akiwa bado na kizunguzungu na usingizi mbovu wa kuacha dawa, alama za mwanzo zinapanda, na nafuu ya baadaye inaonekana kubwa kuliko ilivyo. Litiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka, ndiyo hatari halisi: imehusishwa na degedege.

Nairobi, dodoso la kuchuja washiriki linahitaji maswali ambayo Wazungu hawana, au hawayaulizi hivi. Uliza miraa na mugukaa kwa majina hayo, mafungu mangapi na lini mara ya mwisho, maana kathinoni, kemikali iliyo ndani ya majani hayo ya kutafuna, hupandisha presha na silosibini nayo hupandisha. Uliza kama katika ukoo kuna aliyewahi kuugua skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili, lakini usilitumie neno hilo. Uliza kuhusu aliyesikia sauti au kulazwa Mathari, hospitali ya akili ya Nairobi. Vibali navyo ni mlima, kwa kuwa silosibini imo kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa vikali.

Kazi ninayoiona ngumu kuliko zote ni lugha. Dodoso la maono ya kiroho, linalouliza mtu alihisi nini chini ya silosibini, lina maswali 30, kila moja alama 0 hadi 5, na mtu huhesabiwa amepata maono kamili akifikisha asilimia 60 katika kila sehemu kati ya nne. Swali la kujihisi kitu kimoja na vyote, likitafsiriwa kwa neno “umoja”, msikilizaji anafikiria mtaa au hotuba ya siasa. Afadhali: “Ulihisi hakuna mpaka kati yako na vitu vilivyokuzunguka?” Upande wa sonona nako, wengi hawasemi wana huzuni. Wanasema moyo ni mzito, mawazo ni mengi, mwili hauna nguvu. Kipimo kisichouliza hivyo kitamhesabu amepona mtu ambaye hakuwahi kuulizwa anaumwa nini.