Skripti za takwimu zinavyoipunguza mwendo saiti yako, na kwa nini huwaoni waliokimbia

Mtu akiniletea saiti nzito, cha kwanza kulaumiwa ni picha. Sawa, mara nyingi picha ni kubwa kweli, lakini ukishazibana unakuta peji bado inasuasua kwenye simu, unagusa menyu kimya, unagusa tena ndio inafunguka halafu inajifunga, hapo mimi naenda moja kwa moja kwenye skripti za takwimu, yaani vile vipande vya programu vinavyohesabu na kufuatilia wageni: Google Analytics, Meta Pixel ya Facebook, ile ya kurekodi mgeni anavyoskroli, na zingine zilizobaki humo ambazo hata mwenye saiti hakumbuki nani aliziweka.

Google waliinunua kampuni ya Urchin mwaka 2005, na Novemba mwaka huohuo wakatoa Google Analytics bure. Skripti ya enzi hizo ilikuwa inaziba njia kabisa, yaani brauza ikikutana nayo inasimama, inaipakua, inaiendesha, ndio inaendelea na peji yako, kwa hiyo watu wakawa wanaiweka chini kabisa. Desemba 2009 wakaleta ile ya async, inayopakuliwa pembeni bila kusimamisha kitu. Tangu hapo ukiuliza unajibiwa "si ni async bana, haina madhara".

Hapo ndipo nabisha. Async inakuondolea kusubiri upakuaji tu, basi. Ikishafika, ile kodi ya programu lazima isomwe, itafsiriwe, iendeshwe, na kazi zote hizo kwa kawaida zinafanyika kwenye foleni ileile ambayo brauza inaitumia kuchora peji na kumjibu mtu akigusa skrini. gtag.js, yaani skripti ya Google Analytics ya siku hizi, ikiwa imebanwa, ni kama kilobaiti 100 na zaidi, ikifumuliwa inafika karibu mara tatu ya hapo. Kwenye laptopu yako hiyo ni kufumba na kufumbua, ila kwenye simu ya laki na nusu yenye prosesa dhaifu na RAM iliyojaa WhatsApp ni habari nyingine kabisa. Kazi yoyote inayoishika foleni zaidi ya milisekunde 50 inahesabiwa ni ndefu, na tangu Machi 2024 Google wanaipima saiti pia kwa INP, yaani mtu akigusa inachukua muda gani kuona jibu, na kiwango kizuri ni kisichozidi milisekunde 200. Skripti tatu nne za takwimu zikiamka pamoja, kiwango hicho unakipita vizuri tu.

Halafu kila skripti inatoka kwenye domeni yake, kwa hiyo simu inaanza upya kutafuta anwani, kuunganisha, kukubaliana usalama, na kila hatua ni safari ya kwenda na kurudi. Kwa mtandao wa kusuasua hizo safari zinauma kuliko hata ukubwa wa faili. Na kama unajipa moyo kwamba mgeni tayari anayo skripti hiyo kwenye kache, ile hifadhi ya muda ya brauza, maana ameipata kwenye saiti nyingine, hiyo imeisha zamani, Chrome tangu 2020 inatenga kache ya kila saiti, yako inapakuliwa upya.

Kuna kitu kibaya zaidi ya hapo. Zana za kujaribu matoleo mawili ya peji huja na kipande cha kodi kinachoificha peji nzima mpaka skripti iwe tayari. Cha Google Optimize, kabla hawajaifunga Septemba 2023, kilikuwa kimewekwa kusubiri hadi sekunde 4. Sekunde nne peji ishafika kwenye simu, imelipiwa bando, lakini ni nyeupe tu! Zana yenyewe ikaondoka, ila kile kipande kama hukukitoa kwa mkono bado kipo kwenye kodi yako, kakiangalie.

Sasa kinachoniumiza hasa ni hiki. Skripti inayohesabu wageni haiwezi kumhesabu mtu aliyefunga peji kabla haijaamka. Yaani yule mwenye simu dhaifu na mtandao mbovu, ambaye uzito wa saiti umemfukuza, haonekani popote kwenye ripoti. Wewe unafungua ripoti unaona wageni wako wengi wana simu nzuri na peji inafunguka haraka, unasema mambo safi, unaongeza skripti nyingine.

Chris Zacharias, aliyekuwa injinia YouTube, aliwahi kuandika jinsi walivyopunguza ukurasa wa video kutoka megabaiti 1.2 hadi chini ya kilobaiti 100. Walipouachia watu wautumie, wastani wa muda wa kufunguka ukapanda badala ya kushuka. Kumbe watu wa Asia ya Kusini-Mashariki, Afrika, Amerika ya Kusini, ambao zamani wasingesubiri zile dakika 20 mpaka ukurasa ufunguke, sasa wakawa wanangoja dakika mbili na kuangalia. Hawakuwahi kuonekana kwenye namba, ila walikuwepo.

Kwa hiyo usiichunguze saiti yako kwa ripoti za skripti hizohizo. Fungua Chrome, bonyeza F12 zifunguke zana za watengeneza saiti, punguza nguvu ya prosesa na weka mtandao wa polepole, pima. Kisha zuia domeni za takwimu palepale kwenye kichupo cha Network, pima tena, tofauti utaiona mwenyewe. Ambazo hakuna mtu anafungua ripoti zake, toa leo. Inayobaki, iache ianze baada ya peji kumaliza kufunguka, ingawa hapo utakosa kuhesabu baadhi ya wanaotoka mapema. Kama unachotaka ni kujua tu peji ipi inasomwa, Plausible au GoatCounter zina skripti ya kilobaiti chache. Na logi za seva, yaani kumbukumbu ya kila ombi la peji lililofika kwenye seva, hazihitaji skripti yoyote kwenye simu ya mtu, zisome kwa programu ya GoAccess, toa maroboti, halafu linganisha na unachoambiwa na Analytics. Wapo pia wanaozuia matangazo, hao wapo kwenye logi ila hawaonekani kwenye Analytics, kwa hiyo angalia zaidi simu za zamani: zimeomba peji ngapi kwenye logi, na ngapi zimefika kwenye ripoti.