Helmeti ya mwiba ya Kijerumani: anza kwa kuipindua

Mtu akiniletea helmeti ya mwiba ya Kijerumani, ile iitwayo Pickelhaube, karibu kila mara hunionyesha kwanza nembo ya tai iliyo mbele. Mimi naipokea na kuipindua. Tai hubanduliwa hapa na kubandikwa pale kwa saa moja tu. Ngozi ya ndani ina miaka zaidi ya mia ya jasho, vumbi na kukauka, na hiyo hakuna fundi anayeiiga vizuri.

Prussia ilianza kuwavisha askari wake helmeti hizi mwaka 1842, enzi za mfalme Friedrich Wilhelm IV. Falme nyingine za Kijerumani zikafuata, Bavaria ikijivuta hadi 1886. Wapiga mizinga walivaa tufe badala ya mwiba. Inayonifikia mara nyingi ni ya askari wa miguu wa kawaida, toleo la 1895: ngozi ya ng'ombe iliyokandamizwa kwenye kalibu ikawa ngumu, ikapakwa vanishi nyeusi, kisha ikatiwa mapambo ya shaba.

Ndani utakuta ndimi za ngozi laini zilizoshonwa kuzunguka kichwa na kukusanywa juu kwa kamba. Zile za kweli zimekakamaa, na mara nyingi zimechanika pale kamba inapopita. Rangi yake hailingani: palipogusa paji la uso pamekolea jasho na mafuta ya nywele, ila ncha bado zimepauka. Anayezeesha ngozi mpya kwa chai au rangi ya viatu hupaka kote sawasawa, hata kwenye mikunjo ambako hakuna kichwa kilichowahi kufika. Inuse pia. Ngozi ya zamani ina harufu kavu ya kabati lisilofunguliwa siku nyingi, lakini nakala za juzi bado zinanuka gundi na dawa za kiwandani.

Kisha nazima taa na kuwasha mwanga wa urujuanimno. Uzi wa polyester na vitambaa vilivyong'arishwa kwa kemikali za kisasa huwaka weupe wa buluu, ilhali pamba na kitani cha kale hubaki hafifu. Uzi mpya peke yake hauhukumu helmeti nzima, maana ukingo wa mbele huachia mshono upesi na wengi wameushona upya bila nia mbaya. Skrubu yenye alama ya msalaba ni habari nyingine. Skrubu hizo zilikuja miaka ya 1930, kwa hiyo aliyeifunga aliishi baada ya helmeti hizi kuondoka vitani.

Sehemu ninayoipa muda mrefu kuliko zote ni matundu. Nembo ya askari wa kawaida ina vitanzi viwili kwa nyuma. Vitanzi hivyo hupenya kwenye ngozi na kuzuiwa kwa ndani na vipande vidogo vya ngozi vilivyochomekwa. Nembo za Prussia, Saxony, Bavaria na Württemberg hazikuwa na vitanzi mahali pamoja. Kwa hiyo nikikuta jozi mbili za matundu, moja imezibwa kwa nta na kupakwa rangi, najua helmeti hii ilikuwa na nembo nyingine kabla ya hii. Mwenyewe akiniruhusu, nachomoa vile vipande na kuitoa nembo taratibu. Chini yake vanishi haijapigwa jua wala kusuguliwa, na mara nyingi kuna kivuli cha umbo lililokaa hapo. Kivuli cha nyota ya Saxony chini ya tai wa Prussia kinamaliza ubishi.

Angalia pia jinsi nembo inavyokaa. Ngozi ikikauka hunywea, lakini shaba hainywei. Baada ya miaka mingi kingo za nembo huachana kidogo na mviringo wa ngozi. Nembo iliyolala barabara kuanzia bawa hadi bawa juu ya ngozi kuukuu inanifanya niulize maswali. Ukiigeuza, mgongo wake uwe na mabonyeo yanayofuata manyoya ya mbele, kwa sababu ilipigwa kutoka kwenye bati jembamba. Nembo iliyomiminwa ni nzito, na ukiitazama kwa lenzi utaona vitobo vidogo vidogo.

Ndiyo maana swali la "halisi au bandia?" huwa halinitoshi. Nyingi ninazozikuta hazikughushiwa kabisa, bali zimeunganishwa: ngozi ya kweli, mwiba wa kweli, tai wa afisa wa kweli, ila havikuwahi kukaa pamoja. Kila kipande kina thamani yake. Kuviuza kama kitu kimoja ni udanganyifu, na ninauita hivyo hivyo mbele ya muuzaji.

Mihuri ya ndani husaidia ukiisoma kwa pamoja. B.A.XVIII ni ofisi ya mavazi ya Kikosi cha Jeshi cha 18, Frankfurt, na I.R.81 ni rejimenti ya 81 ya askari wa miguu, iliyokuwa mji huo huo, kwa hiyo vinapatana. Lakini kikosi hicho kiliundwa mwaka 1899. Muhuri mmoja wenye B.A.XVIII pamoja na 1896 haukupigwa na jeshi. Mihuri kadhaa, ya zamani ikiwa imekatwa kwa mstari, hainisumbui, kwani helmeti zilirudishwa stoo na kugawiwa tena.

Wala upya usikutishe. Toleo la 1915 lina vyuma vya kijivu na mwiba wa kuchomoa, na nyingi hazikuwahi kuvaliwa kwa sababu mwaka 1916 helmeti ya chuma ilianza kuchukua nafasi yake. Wamarekani walizibeba kwa wingi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1919 walijenga piramidi za maelfu ya helmeti za Kijerumani jijini New York, karibu na kituo cha Grand Central, kuchangisha mkopo wa vita.

Kwa wasomaji wa Tanzania, kuna hadithi ya wauzaji inayorudi kila mara: helmeti ya mwiba "iliyookotwa Tanga, 1914". Wajerumani wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Kijerumani, walivaa kofia pana za nchi za joto, na askari wao Waafrika walivaa tabushi ya kaki yenye tai mdogo mbele. Helmeti ya ngozi yenye mwiba haikuwa vazi lao la vita. Inaweza kuwa ya kweli kabisa, lakini usilipie Tanga mpaka uone karatasi inayothibitisha.