Hija ya mahekalu 88 ya Shikoku: yanayosemwa na yalivyo

Shikoku, kisiwa cha kusini-magharibi mwa Japani, kina njia ya hija ya takriban kilomita 1,200 inayopitia mahekalu 88 ya Kibuddha. Mahujaji wake, henro, humfuata Kukai, mtawa aliyezaliwa kisiwani humo mwaka 774 na kupewa baadaye jina la heshima la Kobo Daishi. Picha zao mtandaoni, mavazi meupe na kofia za nyasi katikati ya ukungu, zimezaa mengi yasiyo kweli.

"Lazima uwe Mbuddha." Hakuna anayekuuliza dini yako langoni. Kinachoangaliwa ni adabu, na hapo ndipo wageni hujikwaa: wanapiga makofi mbele ya hekalu. Makofi ni ya madhabahu za Shinto, dini ya jadi ya Japani. Hekaluni unaunganisha viganja, kimya. Kengele hupigwa unapoingia. Kuipiga ukiondoka huhesabiwa nuksi. Na ukivuka daraja, inua fimbo yako, kwani husimuliwa kwamba Kobo Daishi aliwahi kulala chini ya daraja, na hupendi kumwamsha.

"Ni lazima utembee yote, kwa mfuatano, bila kukatiza." Mahujaji wengi huenda kwa basi au gari. Wanaotembea mzunguko wote huchukua siku 40 hadi 50 hivi, na wengine huigawa safari kwa likizo za miaka kadhaa. Hata kuanzia la 88 kurudi nyuma kunakubalika. Asili yake ni kisa cha Emon Saburo, tajiri aliyemfukuza mtawa ombaomba mlangoni pake, akaja kujua baadaye kuwa alikuwa Kobo Daishi. Alizunguka kisiwa mara 20 akimtafuta ili amwombe radhi, asimpate. Mara ya 21, husimuliwa kuwa katika mwaka mrefu (wa siku 366), akageuza mwelekeo, wakakutana. Kwa hiyo wapo wanaogeuza njia kila mwaka mrefu wakitarajia baraka zaidi. Ila alama za njiani zimewekwa kwa wanaofuata namba, na anayerudi kinyume hupotea kwa urahisi.

"Njia yote ni ya msituni." Dhana hii huadhibu miguu. Sehemu kubwa ni lami. Kati ya hekalu la 23 na la 24, lililoko rasi ya Muroto, kuna kilomita 75 hivi, nyingi zikiwa kando ya barabara kuu inayofuata bahari. Milima ipo, na ule wa hekalu la 12, Shosanji, huwatoa jasho wengi siku za mwanzo kabisa. Hata hivyo, nunua viatu kwa ajili ya lami, si kwa ajili ya picha.

"Ukipewa kitu, kataa kwa upole." Sisi tuliolelewa kusema "ahsante, nimeshiba" tutapata taabu hapa. Wenyeji huwapa mahujaji machungwa, chai, hata fedha. Desturi hiyo huitwa osettai. Anayekupa anampa pia Kobo Daishi, anayeaminika kutembea na kila hujaji, kwa hiyo ukikataa unamnyima mtoaji fungu lake la hija. Pokea, kisha mpe kikaratasi chenye jina lako, osamefuda.

"Mahekalu huwa wazi muda wote." Viwanja vya mengi, labda. Ofisi inayogonga mihuri kwenye kitabu chako cha hija hufungwa saa 11 jioni, na tangu 2024 kila muhuri ni yeni 500. Beba fedha taslimu, na ukifika saa 11 na dakika tano, tafuta pa kulala.