Maana ya jarida na machapisho ya ukoo wake

Jarida ni chapisho linalotoka sehemu baada ya sehemu, kwa vipindi vinavyojulikana na chini ya jina moja, bila ya kupangiwa mwisho. Hapo ndipo linapoachana na kitabu, kwani mwandishi wa kitabu, hata kikiwa na mijalada mitatu, anajua kitaishia wapi, ilhali jarida huanzishwa kwa nia ya kuendelea hata baada ya wahariri wake wa mwanzo kuondoka. Kwa maana hiyo pana, gazeti la kila siku kama Zanzibar Leo, kijarida cha taasisi, chapisho la kurasa za rangi lenye habari za mavazi na michezo, na chapisho zito la watafiti wa bahari, yote ni ya ukoo mmoja. Khitilafu yao iko katika muda unaopita baina ya toleo moja na jengine na, zaidi ya hilo, katika nani anayeyapitisha maandishi kabla ya kumfikia msomaji.

Yako matumizi mengine yasiyohusu uchapishaji, nayo hayahitaji maelezo mengi. Katika uwekaji hesabu, jarida ni daftari la mwanzo ambamo miamala huandikwa kwa kufuata tarehe kabla ya kuhamishiwa kwenye leja. Daftari la mtu binafsi la mambo yake ya kila siku huitwa shajara, na lile la nahodha la kuandikia habari za safari ya chombo ni batli. Yote matatu hufuata tarehe, lakini hayaandikwi kwa ajili ya umma.

Gazeti ndilo lenye haraka kuliko yote, na Unguja imelijua kwa muda mrefu. Mwaka 1888 skuli ya wamisionari wa Kiingereza pale Kiungani ilianza kutoa Msimulizi kwa Kiswahili, na mwaka 1892 likaanza Gazette for Zanzibar and East Africa, lililochukua matangazo ya serikali pamoja na habari za meli. Al-Najah la Kiarabu likafuata mwaka 1911. Msimulizi mimi ningeliita jarida kuliko gazeti, kwa kuwa halikuwa likitoka kila siku na lilikuwa zaidi la watu wa misheni kupashana habari zao. Gazeti Rasmi la Serikali nalo ni gazeti kwa jina tu, maana kazi yake ni ya kisheria: miswada, sheria na uteuzi hutangazwa humo, na jambo likishatangazwa huhesabiwa kuwa umma umejulishwa, hata kama mtaani kwenu hakuna aliyelisoma.

Jarida la kitaaluma ndilo linalowatatiza wengi, wakiwemo wanafunzi wa vyuo wanaoambiwa watumie majarida wakaleta makala za magazeti. Asili yake ni barua ambazo wanazuoni wa Ulaya walikuwa wakiandikiana kuelezana waliyoyagundua. Mwaka 1665 Journal des sçavans lilianza kutoka mjini Paris, na miezi michache baadaye Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London, akaanzisha Philosophical Transactions, ili habari iliyokuwa ikimfikia mtu mmoja iwafikie wengi kwa pamoja na tarehe yake ijulikane, kwani kila mtu alitaka kutambuliwa kuwa ndiye aliyetangulia.

Utaratibu wa kupitiwa na wataalamu, kwa sura tunayoijua leo, ulienea katika karne ya 20. Mhariri akipokea makala huipeleka kwa wataalamu wawili au zaidi wa fani ileile, na katika majarida mengi hawaambiwi jina la mwandishi, wala mwandishi hatajiwi majina yao. Wao huipima mbinu, ushahidi na hoja, kisha hupendekeza ikubaliwe, irekebishwe au irudishwe, na kazi hiyo huchukua miezi, pengine zaidi ya mwaka. Haina maana kuwa kilichopita humo hakina kosa, kwani makala hufutwa hata katika majarida yenye sifa kubwa. Maana yake ni kwamba kuna mjuzi aliyelitafuta kosa kabla yako. Kwetu hapa, mfano wa karibu ni Western Indian Ocean Journal of Marine Science, lililoanza mwaka 2002 na linalotolewa na WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari yenye makao yake Zanzibar.

Makala ya jarida hutafutwa kwa anuani yake: juzuu, ambayo kwa kawaida ni matoleo ya mwaka mmoja, kisha namba ya toleo, kisha ukurasa. Jina la jarida peke yake halitoshi, tena linaweza kubadilika. Jarida la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam liitwalo Kiswahili, kwa mfano, linatokana na chapisho la Kiingereza la kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusimamia usanifishaji wa lugha yetu, na limebadilisha jina zaidi ya mara moja. Anayetafuta makala ya miaka ya 1930 kwa jina la leo atarudi mikono mitupu. Majarida ya sasa hupewa pia namba ya utambulisho ya tarakimu nane, ISSN, na jina likibadilika kwa kiasi kikubwa hutolewa namba mpya.

Wako walaghai wanaoutumia utaratibu wa majarida ya kitaaluma kwa sura ya nje tu: jina kubwa, ahadi ya kuchapisha ndani ya siku chache, na bodi ya wahariri ambao baadhi yao hawajui kuwa wametajwa. Malipo pekee si dalili ya ulaghai, kwani majarida mengi ya halali humtoza mwandishi ili msomaji asome bure, na kuwa na ISSN hakuthibitishi ubora, kwa sababu namba hiyo hutambulisha chapisho bila ya kulipima. Lililo bora ni kusoma makala mbili tatu za matoleo yaliyopita, kisha kumwandikia mmoja wa wahariri waliotajwa kwa anuani ya chuo chake, si ile iliyowekwa na jarida lenyewe.